Fuma kofia ya mtoto makande yakichemka: mwongozo kwa anayeanza

Baridi ikianza kuuma, maswali ni yaleyale. Anayejifunza kufuma anauliza: nilianza na vitanzi 72, mbona sasa vimefika 79? Anayejifunza kupika makande anauliza: mbona maharage yamepondeka kabisa na mahindi bado yanagonga meno? Mwongozo huu unajibu yote mawili, kwa sababu kazi hizi zinafanyika vizuri jioni moja. Sufuria ya makande inakaa jikoni saa mbili na nusu, lakini haitaki usimame juu yake. Inataka mtu aliye jirani, anayeifunua kila baada ya muda. Kufuma nako kunataka mtu aliyetulia kwenye kiti. Tena safu za kofia zinageuka kuwa saa yako: kila ukimaliza safu sita, nusu saa imepita na sufuria inahitaji kutazamwa.

Ukikaa Njombe, Makete, Lushoto, Limuru au Kinangop, huhitaji kuelezwa kwa nini mwezi wa saba mtoto anahitaji kofia na nyumba inahitaji chakula kizito cha moto. Hata usipokaa huko, hatua ni hizihizi.

Vya kuandaa kabla ya kuanza

Kwa kofia ya mtoto wa mwezi 1 hadi 3:

- Uzi wa kufumia gramu 50, unene wa kati, rangi ya kung'aa. Kofia itatumia kama gramu 30 hadi 35, na utabaki na wa kujaribia.
- Sindano za kufumia jozi moja, mm 4, zenye kichwa upande mmoja ili vitanzi visitoke.
- Sindano butu yenye tundu kubwa, ya kushonea sufu. Shazia ndogo inafaa ukiisugua ncha kwenye jiwe hadi isichome.
- Mkasi, futi ya fundi cherehani, na pini ya nepi.

Kwa makande ya watu 5 au 6 (kikombe hapa ni cha robo lita):

- Mahindi makavu yaliyokobolewa, vikombe 2
- Maharage makavu, kikombe 1
- Vitunguu maji 2, nyanya zilizoiva 3, karoti 2, hoho 1
- Nazi 1 kubwa iliyokomaa
- Mafuta ya kula, vijiko 3 vya chakula
- Chumvi, kijiko kimoja na nusu cha chai
- Sufuria ya lita 5 yenye mfuniko unaokaa sawasawa

Kuhusu uzi, tuseme zaidi kidogo, maana hapa ndipo wengi wanaharibu kabla hata hawajaanza. Usinunue uzi mweusi, wa bluu nzito wala wenye manyoya. Ni mzuri kwa macho, lakini vitanzi vyake havionekani, na mtu asiyeona kitanzi hawezi kujua amekosea wapi. Chukua krimu, njano ya ndizi au kijani kibichi. Uzi wa sokoni mara nyingi hauna karatasi inayotaja unene, kwa hiyo pima mwenyewe: uzungushe kwenye rula, mzunguko ukigusa mzunguko bila kuubana. Ndani ya sm 2.5 inapaswa kuingia mizunguko 11 hadi 13. Ikiingia 20 au zaidi, uzi ni mwembamba. Shika nyuzi mbili kwa pamoja na uzifume kama uzi mmoja.

Ukitaka kujua kama ni sufu ya kondoo au akriliki, kata sm 5 na uwashe ncha kwa kiberiti juu ya sahani. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayopukutika. Akriliki inayeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Kwa kofia ya kwanza ya mtoto, akriliki laini inatosha: haiwashi, na inavumilia kufuliwa mara nyingi. Lakini kumbuka hiyo punje nyeusi, maana ndivyo uzi huo unavyofanya ukikaribia moto.

Sindano za kuchongwa kwa mwanzi zinafaa kabisa zikisuguliwa kwa msasa hadi ziteleze. Spoku za baiskeli, ambazo wengi walijifunzia utotoni, zina unene wa kama mm 2 tu. Kwa uzi huu zitakupa kitambaa kigumu kama mkeka.

Hatua kwa hatua

1. Usiku wa kuamkia: chambua na loweka. Mwaga mahindi kwenye ungo na uyapitie kwa vidole. Punje yenye ukungu wa kijani, wa njano au wa kijivu, iliyonyauka au yenye harufu ya uvundo, tupa. Hapa hakuna kubana matumizi. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui. Kisha osha mahindi na maharage, uyaloweke kwenye vyombo viwili tofauti, maji yapande vidole vinne juu yake. Yakae saa 8 hadi 12. Usiyachanganye, kwa sababu hayaingii sufuriani pamoja.

2. Bandika mahindi peke yake. Mwaga maji ya kulowekea, weka mahindi kwenye sufuria na maji safi lita 2 na nusu. Yakichemka, punguza moto hadi uone mapovu madogo yakipanda polepole, funika na acha uwazi wa kidole. Usitie chumvi. Tazama saa: maharage yataingia baada ya dakika 45.

Kosa kubwa kuliko yote kwenye makande ni kutia mahindi na maharage kwa wakati mmoja. Maharage yaliyolowekwa yanaiva kwa saa moja hadi saa moja na robo. Mahindi yaliyokobolewa yanataka karibu saa mbili. Yakianza pamoja, unapata uji wa maharage wenye kokoto.

3. Nawa mikono, kaa mbali na jiko, anzisha vitanzi 20 vya majaribio. Nawa kwa sabuni na ukaushe hadi kwenye kucha. Mafuta na manjano vikishika uzi wa krimu havitoki. Kiti kiwe hatua tatu au nne kutoka jikoni, na donge la uzi liwe ndani ya kikapu au bakuli, si sakafuni.

Pinda uzi ufanye duara, ukiacha mkia wa sm 20. Ingiza vidole viwili ndani ya duara, shika uzi unaokwenda kwenye donge, uvute upite ndani ya duara bila kuumaliza. Kimebaki kitanzi. Kitie kwenye sindano ya kushoto na uvute kikae, kiweze kuteleza. Sasa ingiza sindano ya kulia ndani ya kitanzi hicho ukitokea mbele kwenda nyuma, zungusha uzi kwenye ncha ya sindano ya kulia, vuta uzi huo utoke mbele. Una kitanzi kipya kwenye sindano ya kulia. Kihamishie kwenye sindano ya kushoto, kando ya kile cha kwanza. Rudia hadi viwe 20. Kila kitanzi kiwe huru kiasi cha kupitisha sindano bila kusukuma.

4. Fuma safu ya kwanza. Mwendo ni uleule, tofauti ni kwamba sasa kitanzi cha zamani kinaachiwa. Sema kimoyomoyo:

*Ingiza.* Sindano ya kulia inaingia kitanzi cha kwanza cha sindano ya kushoto, kutoka mbele kwenda nyuma. Uzi wa donge uwe nyuma ya kazi.

*Zungusha.* Uzi upite chini ya ncha ya sindano ya kulia, upande, ushuke katikati ya sindano mbili.

*Vuta.* Ncha ya kulia irudi mbele ikiwa imebeba uzi huo.

*Achia.* Kitanzi cha zamani kiteleze kutoka sindano ya kushoto.

Vitanzi vyote 20 vikihamia kulia, badilisha mikono: sindano yenye vitanzi irudi kushoto, uanze tena. Fuma safu 20 hivi. Utaona mistari iliyoinuka, kama matuta ya viazi. Kila safu mbili zinafanya tuta moja upande unaoutazama, kwa hiyo huhitaji kukumbuka umefuma safu ngapi, hesabu matuta.

5. Pima kipande. Kilaze mezani bila kukivuta. Upana wa vitanzi 20 uwe kati ya sm 9 na sm 10. Ukiwa chini ya sm 9, mkono wako unakaza. Tumia sindano za mm 4.5. Ukizidi sm 10, tumia za mm 3.5. Usijaribu kubadilisha mkono wako kwa makusudi. Ukisahau kidogo tu unarudia ukazaji wako wa kawaida, na kofia inatoka pana mwanzo na nyembamba mwisho.

6. Dakika 45 zimefika: tia maharage. Mwaga maji yaliyolowekea maharage, yasuuze, yatie sufuriani. Pandisha moto hadi mchemko mkali na uache hivyo dakika 10 kamili kabla ya kupunguza tena. Usiruke hizi dakika. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali, na yakipikwa kwa moto hafifu tangu mwanzo hadi mwisho yanasababisha kutapika na kuharisha. Maji yakiwa yamepungua, ongeza ya moto. Maji baridi yanakata mchemko na kuongeza muda wa jikoni.

7. Anzisha kofia: vitanzi 72. Fumua kile kipande cha majaribio, uzi utatumika. Anzisha vitanzi 72 kama hatua ya 3. Hesabu mara mbili, kwa makundi ya kumi kumi. Huu ndio ukingo utakaozunguka kichwa cha mtoto, kwa hiyo uwe mlegevu kuliko safu zinazofuata. Ukingo uliokazwa unaacha alama kwenye paji la uso.

8. Fuma, na kila matuta matatu funua sufuria. Anayeanza anamaliza safu ya vitanzi 72 kwa kama dakika 5. Matuta matatu ni safu sita, yaani nusu saa. Ukifika hapo, shusha kazi, koroga sufuria kwa mwiko hadi chini, angalia maji yafunike makande kwa upana wa kidole, kisha nawa na urudi.

Sheria moja uishike: usiinuke katikati ya safu. Ukiiacha kazi katikati, ukirudi ni rahisi kuishika kinyume na kufuma kurudi ulikotoka, na kofia inapata tundu pamoja na upande mmoja mrefu. Sufuria ikifurika ghafla na huna namna, kumbuka alama hii: uzi wa donge unapotoka, hapo ndipo penye sindano ya mkono wa kulia. Daima.

9. Onja. Saa mbili tangu ubandike mahindi, toa punje tatu za mahindi na tatu za maharage. Harage libonyee kati ya ulimi na kaakaa. Hindi lipasuke likiwa limechanua, na katikati kusiwe na kiini cheupe kigumu. Ujaribu zaidi ya punje moja, maana sehemu ya juu ya sufuria na ya chini haziivi sawa.

10. Unga. Kuna nazi? Ikune na uitoe tui mara mbili: la kwanza, zito, kikombe kimoja, la pili, jepesi, vikombe viwili. Kwenye sufuria nyingine chemsha mafuta, kaanga vitunguu hadi kingo zianze kuwa za kahawia, tia nyanya na chumvi, zipike hadi mafuta yajitenge pembeni. Hapo tia karoti na hoho, geuza dakika 3. Mimina makande pamoja na supu yake. Kama unatarajia kiporo, gawa makande hapa, kabla ya tui lolote, na utie tui sehemu ya leo tu. Kisha tia tui jepesi. Acha yachemke bila mfuniko dakika 15.

Nyanya haziingii mapema, hata kama una haraka. Uchachu wake unazuia ganda la harage kulainika, na utachemsha hadi usiku.

11. Malizia na tui zito. Punguza moto, mimina, koroga taratibu upande mmoja hadi lianze kutokota, epua. Tui zito likichemshwa kwa nguvu linakatika: mafuta yanapanda juu, maziwa yanakuwa chembechembe. Yenye tui hayalali nje ya friji.

Wa huko Kiambu au Nyeri wataacha nazi, watatia viazi mbatata viwili vilivyokatwa dakika 20 kabla ya kuepua, na kuviponda kidogo ili mchuzi uwe mzito. Hiyo ni githeri yao na ni tamu vilevile.

12. Siku zinazofuata: fika matuta 36. Jioni ya kwanza utakuwa na matuta matano au sita ya kofia. Fuma hadi matuta 36, yaani sm 18. Kwa kasi ya anayeanza, kofia moja ni sufuria nne za makande. Hesabu vitanzi kila baada ya matuta matatu, palepale unapoinuka kutazama sufuria au birika. Kosa la safu sita linafumuliwa kwa dakika chache, la safu arobaini linakatisha tamaa. Ukilaza kazi usiku, maliza safu, sukuma vitanzi vyote hadi kwenye kichwa cha sindano, na uweke mahali mtoto hafikii.

13. Punguza vitanzi vya utosi. Safu ya kwanza: badala ya kuingiza sindano kwenye kitanzi kimoja, ingiza kwenye viwili kwa mpigo na uvifume kama kimoja. Endelea mbili mbili hadi mwisho, vinabaki 36. Safu ya pili, fuma kawaida. Safu ya tatu, mbili mbili tena, vinabaki 18. Ya nne, kawaida. Ya tano, mbili mbili, vinabaki 9.

14. Funga utosi na shona. Kata uzi ukiacha sm 45. Upitishe kwenye sindano butu, kisha ndani ya vile vitanzi 9, kimoja kimoja, ukivitoa kwenye sindano ya kufumia. Pitisha mara ya pili, vuta hadi tundu lifungike, piga fundo kwa ndani. Kwa uzi huohuo shona ubavu kuanzia utosini, tuta likikutana na tuta: chukua kijinundu kimoja kushoto, kimoja kulia, vuta kidogo tu. Zikibaki sm 4 kufika ukingoni, hamia upande wa pili wa kitambaa, maana sehemu hiyo itakunjwa juu na mshono wake utaonekana ukiushonea ndani. Mikia iliyobaki ifiche kwa kuipitisha ndani ya matuta sm 5 kwenda na sm 3 kurudi. Usiikate karibu na fundo.

15. Fua kabla ya kumvisha. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, bonyeza bila kusugua. Usikamue kwa kuzungusha. Viringisha ndani ya taulo na ukanyage. Ianike ikiwa imelazwa. Ukiitundika kwenye kamba ikiwa imelowa, uzito wa maji utairefusha na haitarudi.

Kofia ya mtoto mchanga isiwekwe shada la uzi, kifungo wala kamba. Na akilala ndani ya nyumba, mvue: mtoto anapoza mwili wake kwa kichwa, na kofia usingizini inaweza kumzidishia joto au kumteremkia usoni.

Vipimo vingine

Kwa uzi na sindano hizihizi: mtoto aliyezaliwa jana, vitanzi 64 na matuta 32. Wa miezi 3 hadi 6, vitanzi 80 na matuta 40. Wa miezi 6 hadi mwaka, vitanzi 88 na matuta 44. Utosi unapunguzwa vilevile kwa mbili mbili. Namba zote hizi za vitanzi zinagawanyika kwa mbili mara tatu mfululizo bila baki.

Moto na hewa

Hili halina mjadala. Usiingize jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ili ufume ukiota moto. Mkaa unaowaka unatoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wakiwa wazima wasiamke. Jiko likae nje au jikoni penye dirisha na mlango wazi, wewe uvae kanga au blanketi. Kichwa kikianza kuuma na miguu kulegea, toka nje kwanza, mengine baadaye.

Ukikwama

*Vitanzi vimeongezeka.* Karibu mara zote ni mwanzo wa safu. Uzi ukipita juu ya sindano ukaenda nyuma, unavuta kitanzi cha kwanza na kionekane kama viwili, nawe unavifuma vyote. Kabla ya kuanza safu, vuta uzi ushuke chini mbele yako, kisha upitishe nyuma chini ya sindano.

*Kuna tundu katikati ya kitambaa na kitanzi kimoja kimezidi.* Uzi ulikuwa mbele badala ya nyuma ulipofuma, ukajizungusha bila wewe kujua. Fumua hadi hapo.

*Kitanzi kimedondoka.* Usivute kitambaa. Kikamate haraka kwa pini ya nepi kisiendelee kushuka. Kama ni cha safu ya sasa, kirudishe kwenye sindano ya kushoto, mguu wake wa kulia ukiwa mbele. Kama kimeshuka safu kadhaa, fumua kitanzi kimoja kimoja hadi kukifikia. Kukipandisha kwa ndoana ni kazi ya baadaye, ukishazoea kuona tuta la mbele na la nyuma.

*Sindano haiingii kabisa.* Unavuta uzi baada ya kila kitanzi. Acha kuvuta, unene wa sindano yenyewe ndio unaopima kitanzi. Angalia pia kama unafumia kwenye ncha nyembamba badala ya kwenye mwili wa sindano.

*Saa tatu zimepita, maharage bado magumu.* Ama ni ya zamani, yaliyokaa stoo zaidi ya mwaka, ama unakaa juu. Kila mita 300 za mwinuko, maji yanachemka kwa joto dogo zaidi kwa nyuzijoto moja hivi. Njombe mjini, karibu mita 2,000, yanachemka kwenye nyuzi 93 na si 100, kwa hiyo muda wa mpishi wa Dar es Salaam haukufai. Ongeza nusu saa hadi saa nzima. Magadi yanasaidia: robo kijiko cha chai kwa sufuria hii, yeyushwe na kuchujwa kwanza. Ukizidisha, makande yanateleza mdomoni, yanakuwa na ladha ya sabuni, na vitamini B1 inapotea.

*Nimepata mahindi yasiyokobolewa tu.* Yaloweke usiku na mchana, au yatwange kidogo kwenye kinu yakiwa na unyevu hadi ganda litoke. Ukiyapika na ganda lake, tenga saa tatu na tia maharage ikibaki saa moja na robo.

*Yameshika chini.* Usikoroge. Mimina sehemu ya juu kwenye sufuria safi bila kukwangua, ongeza maji ya moto, endelea. Ukikwangua, harufu ya kuungua inaenea yote, na hakuna nazi itakayoificha.

*Uzi unanuka moshi na vitunguu.* Uloweke dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu yenye vijiko 2 vya siki, suuza, ulaze kivulini.

*Kiporo kimekauka.* Asubuhi yale uliyogawa bila tui yatakuwa yamenywa mchuzi wote. Tia nusu kikombe cha maji ya moto, funika, moto mdogo dakika 10, ukoroge mara moja tu. Kisha tui ukitaka, au uyale hivyohivyo na chai ya tangawizi.